Mbuzi wa Idd kutoka Bissil: kugawana hatari ya biashara bila riba

Leo tunazungumza zaidi na wateja wetu Waislamu wa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na Bissil. Lakini hata kama wewe si Mwislamu, usiondoke. Kama umewahi kumpa mtu pesa akufanyie biashara, au umepewa wewe, hesabu za leo zinakuhusu.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: "Mimi riba sitaki. Sasa pesa yangu nikiitoa ikaenda sokoni, nitailinda vipi isipotee?"

Ni swali la haki, na wengi hulijibu vibaya kwa njia mbili. Wa kwanza anasema, "Tumwachie Mungu," anatuma pesa bila kuandika chochote, na mambo yakiharibika undugu unaharibika pia. Wa pili anasema, "Nihakikishie pesa yangu yote na kitu juu." Huyo amejilinda, sawa, ila ameingia kwenye kile kile alichokuwa anakikimbia.

Sheria ya Kiislamu iko katikati ya hao wawili. Kuna Hadithi inayojulikana sana, iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Maana yake kwetu ni kwamba kujikinga na hasara si kukosa imani, ni wajibu. Kinachoangaliwa ni kamba unayotumia kumfunga.

Hatari yenyewe si haramu

Biashara yoyote ina hatari. Mbuzi anaweza kufa, bei inaweza kushuka, lori linaweza kuharibika njiani ukalala Isinya na mifugo yako. Sheria haikukatazi kubeba hatari kama hizo. Kwa kweli inasema faida ni halali kwa sababu mtu amekubali kubeba hatari ya hasara. Wanazuoni wana kanuni moja fupi: anayetaka faida abebe na dhima yake.

Kinachokatazwa ni mambo matatu. La kwanza ni riba, yaani kukopesha pesa na kudai nyongeza, biashara iende isiende. La pili ni gharar, yaani mkataba wenye giza ndani yake: hujui unanunua nini, kwa bei gani, au muuzaji hata hana mali anayokuuzia. La tatu ni kamari, ambapo mmoja hapati mpaka mwenzake apoteze na hakuna mali wala kazi iliyofanyika. Kuweka dau la mechi kwenye simu ukitumaini kufidia hasara ya sokoni ni hili la tatu, na wanaotuandikia kuhusu madeni yaliyoanza hivyo si wachache.

Sasa tuone mambo haya kwenye biashara moja: mbuzi wa Idd.

Hesabu ya kwanza: pesa ya kugawana faida

Tuchukue mfano. Mwenye bucha Kitengela ana shilingi 150,000. Hana muda wa kwenda sokoni. Kuna mchuuzi kijana anayejua mifugo vizuri, anaijua barabara ya Namanga yote, na sokoni Bissil anaelewana na wafugaji kwa Kimaasai. Pesa hana. Wakiungana wanaweza kufanya kazi.

Njia iliyozoeleka ni hii: "Kijana wangu, chukua 150,000. Baada ya wiki mbili nirudishie 170,000. Inayobaki ni yako." Inaonekana ni nzuri, na mwenye bucha anaweza kuapa kwamba hajatoza riba. Lakini hebu iangalie. Ametoa pesa, anadai pesa zaidi, na hasara haimhusu. Jina lake ni mkopo wa nyongeza, hata ukiuita biashara.

Njia ya halali inaitwa mudharaba. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi na ujuzi. Faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana mwanzo, kwa mfano asilimia 60 kwa mwenye mtaji na 40 kwa mchuuzi. Haikubaliwi kutaja kiasi maalumu, kama "20,000 zangu kwanza". Hasara ya pesa inabebwa na mwenye mtaji, na mchuuzi anapoteza jasho lake. Ila kama mchuuzi amezembea au amevunja masharti, hapo analipa yeye.

Tuseme amenunua mbuzi 18 kwa shilingi 8,000 kila mmoja. Hiyo ni 144,000. Usafiri na gharama nyingine ni 6,000. Jumla 150,000. Kitengela kila mbuzi anauzwa 10,500.

Hali ya kwanza, mbuzi wote 18 wamefika wazima. Mauzo ni 189,000, faida ni 39,000. Mwenye bucha anapata 23,400 na mchuuzi 15,600. Angalia kwamba mwenye bucha amepata zaidi ya zile 20,000 alizotaka kuzidai.

Hali ya pili, watatu wamekufa njiani. Wamebaki 15. Mauzo ni 157,500, faida ni 7,500. Mwenye bucha anapata 4,500, mchuuzi 3,000. Si pesa nyingi, lakini hakuna anayedaiwa. Kwa mkataba wa 170,000, mchuuzi angebaki na deni la 12,500 juu ya kufanya kazi wiki mbili bure.

Hali ya tatu, watano wamekufa. Wamebaki 13. Mauzo ni 136,500, yaani hasara ya 13,500. Kwa mudharaba, mwenye bucha anapokea 136,500 na mchuuzi hapati kitu. Kwa ule mkataba mwingine, mchuuzi anatakiwa atafute 33,500 kutoka mfukoni. Atazitoa wapi? Atakopa kwenye simu, atauza ng'ombe wa nyumbani, au atazima simu. Akizima simu, mwenye bucha naye amepoteza.

Hapa ndipo somo la leo lilipo. Hatari haikuondoka kwa sababu mwenye bucha alidai uhakika. Ilihama tu, ikaenda kwa yule asiye na uwezo wa kuibeba, na ilipomshinda ikarudi kwa mwenyewe. Kuigawana tangu mwanzo si hisani tu, pia ni ulinzi bora wa mtaji.

"Lakini si atanidanganya kwamba mbuzi wamekufa?" Ndiyo, hilo linawezekana, na sheria haikukatazi kujikinga. Weka masharti: asipakie zaidi ya idadi fulani kwenye pikapu moja, asisafirishe mchana wa jua kali, mbuzi akifa apige picha na akupigie simu hapo hapo. Akivunja masharti hayo na hasara ikatokea, anawajibika. Na kama mna shaka kubwa, anza na mbuzi watano, si 18.

Hesabu ya pili: kulipia mbuzi kabla hawajafika

Kuelekea Idd el-Adha bei hupanda. Mwenye bucha angependa kujua mapema atalipa ngapi, na mfugaji angependa kupata pesa mapema, pengine ada ya shule inadaiwa. Je, inaruhusiwa kulipia leo mbuzi watakaoletwa mwezi ujao?

Kimsingi mtu hauzi asichokuwa nacho. Lakini kuna ruhusa maalumu inayoitwa salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuwazuia. Aliwataka kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Kwa ufupi, aliwaambia waondoe giza.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanaruhusu salam ya wanyama ikiwa sifa zao zimetajwa vizuri. Wa Hanafi hawairuhusu kwa wanyama. Kwa hiyo ulizana na mwenzako mapema, msije mkagombana baadaye.

Masharti ya kuzingatia ni haya:

Lipa bei yote siku ya makubaliano. Kutoa "kitu kidogo cha kushikilia" halafu nyingine baadaye si salam, kwa sababu pande zote mbili zitakuwa zinadaiana. Hapa simu inasaidia sana, maana mnaweza kukaa pamoja, mkakubaliana, na pesa ikaingia kabla hamjainuka.

Taja sifa, usitaje mnyama. Sema "mbuzi dume 10 wa kienyeji, waliotimiza miaka miwili, wazima, wasio na kilema." Usiseme "yule mweupe wa boma la fulani," kwa sababu huyo anaweza kufa kesho na mkataba ukafa naye.

Taja siku na mahali. "Karibu na Idd" haitoshi. Sema tarehe, na useme ni sokoni Bissil au mlangoni kwa bucha Kitengela, ili ijulikane nani analipa usafiri.

Usiwauze kabla hujawapokea. Ukishalipia mbuzi 10 kwa 75,000, usimuuzie jirani mbuzi hao hao wakiwa bado hawajafika kwako.

Na muuzaji akishindwa? Unaweza kumsubiri, au unarudishiwa 75,000 zako, si zaidi. Hata kama bei ya mbuzi imepanda mara mbili, huwezi kudai tofauti hiyo. Inauma, lakini ndiyo maana unachagua muuzaji unayemjua, na unaruhusiwa kuomba mdhamini au rehani tangu mwanzo.

Kanuni hizi zinafaa pia nje ya mbuzi. Kitengela ni mji wa ploti, na kila siku mtu anaombwa atume pesa ya kushikilia ploti ambayo hajaiona, na anayeuza hajaonyesha hati. Hiyo ni gharar tupu. Nenda ukaangalie kwanza kwenye ofisi ya ardhi jina lililoandikwa, ndipo ufikirie kutuma.

Ukame na ajali: mfuko wa kusaidiana

Kuna hasara ambazo wawili hawawezi kuzibeba peke yao. Kajiado inakumbuka ukame wa 2009, ulioangamiza ng'ombe wengi mno, na miaka ya 2021 na 2022 mizoga ilionekana tena kando ya barabara. Hapo mfugaji, mchuuzi na mwenye bucha wanaumia pamoja.

Wanazuoni wengi wana wasiwasi na bima ya kawaida, kwa sababu unalipa pesa leo kwa ahadi ya pesa kesho bila kujua utapata au utakosa. Badala yake kuna takaful. Washiriki wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, msimamizi anapewa ujira wake unaojulikana, na kinachobaki ni cha washiriki wenyewe, si faida ya msimamizi.

Hili si jambo la nadharia hapa Kenya. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, yenye makao Nairobi, ilianzisha Marsabit bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti. Setilaiti inapima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango fulani, wenye bima wanalipwa. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa iliipeleka Wajir kwa mfumo wa Kiislamu, na Machi 2014 wafugaji wa huko wakapokea malipo yao.

Ila elewa inalipa nini. Inalipa nyasi zikikauka eneo zima. Haimlipi mbuzi aliyeanguka kwenye lori, wala aliyeibwa usiku. Na inaweza kutokea malisho ya eneo yakaonekana sawa angani, huku boma lako limekauka. Ukitaka kujiunga na mfuko wowote, uliza kwanza: unalipa kwa tukio gani, nani anaamua, na ziada inakwenda wapi?

Kwa hasara ndogo za njiani, wachuuzi wenyewe wanaweza kuanzisha mfuko. Tuseme mko 10, kila mmoja anatoa 500 kwa wiki. Baada ya wiki 20 mna 100,000. Andikeni kwamba hiyo ni sadaka ya kusaidiana, si akiba ya mtu. Wekeni kiwango cha juu cha msaada kwa tukio moja, na sahihi za watu watatu kabla pesa haijatoka. Mfuko ukiwa na nambari yake ya simu, tofauti na ya mweka hazina, maneno yatapungua.

Ukihitaji mtaji na huna mshirika

Ukikwama, kidole kinaenda haraka kwenye mkopo wa simu. Kabla ya kubonyeza, soma unachotozwa. Jina "ada" haliondoi riba ikiwa ni nyongeza juu ya pesa uliyokopeshwa na inakua kadiri unavyochelewa.

Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sheria ya Kiislamu kikamilifu: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo sasa inaitwa Premier Bank. Mtindo wao wa kawaida ni murabaha. Benki inanunua mali unayoitaka, iwe friji ya bucha au mizani, inaimiliki, halafu inakuuzia kwa bei ya wazi yenye faida yake, ukalipa polepole. Bei haiongezeki ukichelewa. Tofauti na mkopo ni kwamba kuna mali halisi, na kwa muda fulani hatari ya mali hiyo ilikuwa ya benki. Kama hakuna mali iliyonunuliwa, uliza tena.

Na wewe unayedai, kumbuka upande wa pili. Qur'ani inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka hali yake iwe nyepesi. Faini ya kuchelewa inayoingia mfukoni mwako ni riba. Lakini agizo hilo ni la aliyekwama kweli, si la mwenye uwezo anayekupiga chenga.

Simu iwe daftari lako

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika Sura al-Baqara, na inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Haisemi uandike kwa mtu usiyemwamini tu. Andika hata kwa ndugu.

Kabla ya kutuma pesa, tuma ujumbe kama huu:

"Assalamu alaikum kijana wangu. Leo nakutumia 150,000 mtaji wa mudharaba wa mbuzi. Si mkopo. Faida 60 kwangu, 40 kwako. Hasara ya pesa ni yangu isipokuwa umezembea. Mbuzi wasizidi 9 kwa pikapu. Hesabu tunafunga siku ya Ijumaa baada ya Idd. Ukikubali nijibu."

Naye ajibu kwa maneno kamili: "Waalaikumu salaam mzee. Nimekubali mtaji wa 150,000, faida 60 kwa 40, na masharti yote." Emoji ya kidole gumba haitoshi. Mashahidi wawili wapate nakala.

Kisha fanya haya manne. Hakikisha jina linalotokea kabla ya kuweka nambari yako ya siri, na usimpe mtu nambari hiyo hata akisema anapiga kutoka kwetu. Usichanganye mtaji wa mwenzako na pesa ya matumizi ya nyumbani, maana hiyo ni amana. Lipa wafugaji kwa simu pale inapowezekana, ili kila mbuzi awe na rekodi yake na usitembee na noti barabarani. Mwisho, mkifunga hesabu, toeni taarifa ya miamala ya kipindi hicho na muipitie pamoja.

Mkikosana mtakwenda wapi?

Wengi wanadhani watapeleka kesi kwa Kadhi. Kwa Katiba ya Kenya, Mahakama ya Kadhi inasikiliza mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi. Mgogoro wa mbuzi haumo. Mnaweza kumwomba shehe au wazee wawasuluhishe, na mara nyingi ndiyo njia bora. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Huko hakuna atakayekuuliza uliapa vipi. Utaulizwa uliandika nini.

Sisi ni kampuni ya malipo, si mufti. Kwa hukumu ya jambo lako mahususi, mwulize shehe unayemwamini, na umwonyeshe mkataba wenyewe, usimsimulie tu.

Zoezi la wiki hii: fungua simu yako, tafuta pesa ya mwisho uliyompa au kupokea kutoka kwa mtu kwa ajili ya biashara. Jiulize maswali matatu. Je, ilikuwa mkopo au mtaji? Hasara ikitokea ni ya nani? Na yeye akiulizwa leo, atajibu vile vile? Kama huna hakika na la tatu, mpigie simu leo, kabla mbuzi hawajapakiwa.